Bimkubwa ateri za mguu zimeziba, mara puto mara stenti mara baipasi: tujue vipi ipi inamfaa?

mtoto_wa_chamazi

Wakuu habari za wakati huu. Naomba mawazo kwa wenye uelewa maana nyumbani tumechanganyikiwa.

Bimkubwa wangu ana miaka 67, kisukari anacho miaka mingi na presha juu. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilipata kidonda pembeni ya kucha, kiatu kilimbana kwenye msiba, tukajua kitapona kama vidonda vingine lakini wapi. Sasa ncha ya kidole imeanza kuwa nyeusi, unyayo wa baridi hata mchana wa joto hili la Dar, na usiku halali, anakaa ameuning'iniza mguu pembeni ya kitanda ndio anapata nafuu. Tukampeleka, wakapima presha ya mguuni, wakafanya CT anjio, ile picha ya mishipa ya damu, majibu yakasema ateri ya paja imeziba kipande kirefu, na chini ya goti ile mishipa mitatu miwili imeziba kabisa, mmoja umebaki na wenyewe umesinyaa.

Sasa shida ndio inaanzia hapo. Hospitali ya kwanza dokta alisema akatwe chini ya goti tusipoteze muda. Ya pili dokta akasema hapana, huyu anaingizwa waya kwenye kinena, mshipa unapanuliwa na puto na ikibidi anawekewa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachoushika mshipa ubaki wazi, baada ya siku mbili yuko nyumbani. Mjomba naye ana daktari anayemfahamu, kamwambia hizo puto zinaziba tena, bora baipasi, yaani apasuliwe aungiwe njia mpya ya damu inayopita pembeni ya palipoziba, mkamaliza kazi. Wote watatu wanaongea kwa uhakika. Kreatinini yake, kile kipimo cha figo, imepanda kidogo, hajafikia kusafishwa damu lakini dokta wa pili aliligusia hilo.

Mimi sio mtu wa afya, nauza vifaa vya ujenzi, ila ndio mkubwa kwa kuzaliwa na uamuzi unaniangukia mimi. Sitaki mniambie fanya hiki au kile, nataka nijue daktari akiniambia "hii puto itamsaidia" nimuulize nini ili nijue kweli itamsaidia au inafungua mshipa tu halafu mguu unakatwa vilevile.

waya_na_puto

Pole sana ndugu, na mpe pole bimkubwa. Mimi ni radiografa, nasimama cathlab, chumba cha kufungulia mishipa kwa waya, hizi kazi zikifanyika kwahiyo naongea ninachokiona, uamuzi ni wa daktari aliyemshika mgonjwa.

La kwanza kabisa, maumivu ya usiku akiwa amelala pamoja na kidonda kisichopona na weusi, hiyo sio ile hali ya mtu anayeumwa kigimbi akitembea akipumzika inaisha. Yule wa kigimbi ana muda wa kufikiri, anaweza kukaa miezi anafanya mazoezi na kumeza dawa. Bimkubwa hana huo muda, mguu wake hauna damu ya kutosha hata akiwa amelala. Anauning'iniza kwa sababu mguu ukiwa chini damu inashuka kwa uzito wake inasaidia kidogo. Kwahiyo msizunguke hospitali mwezi mzima mnakusanya maoni. Na siku ukiona mguu umebadilika ghafla, umepauka, wa baridi kuliko jana, hasikii au hawezi kuchezesha vidole, hapo ni masaa sio siku, mkimbizeni usiku huohuo.

Nikueleze kazi yenyewe ilivyo. Anachomwa ganzi kwenye kinena, mara nyingi hapewi nusukaputi, anaongea na sisi. Inaingizwa bomba nyembamba kwenye ateri, kisha waya, na waya ndio kila kitu, daktari anaupenyeza taratibu kwenye sehemu iliyoziba huku anaangalia kwenye skrini, wakati mwingine waya unagoma kabisa kwa sababu mle ndani pamekuwa chokaa tupu, mgonjwa wa kisukari mishipa yake kwenye eksirei unaiona hata kabla hujaweka dawa ya rangi ya kuonyesha mishipa kwenye picha, inaonekana kama njia mbili za reli. Waya ukipita, puto linafuata juu yake, linajazwa dakika kadhaa, linashushwa, wanapiga picha tena. Kama ukuta umerudi kujikunja au umechanika ndio wanaweka stenti.

Kazi hii ina historia yake na imeanza kwa mgonjwa kama bimkubwa wako. Januari 1964 kule Portland, Oregon, daktari wa eksirei Charles Dotter aliletewa mama wa miaka 82, vidole vimeanza kufa, amekataa katakata kukatwa mguu. Dotter akampanulia ateri ya paja kwa kupitisha mabomba, puto lilikuwa bado, la Andreas Grüntzig lilikuja miaka ya 70 kule Zürich. Mguu ukapata joto, yule mama akatembea kwa miguu yake miwili mpaka alipofariki zaidi ya miaka miwili baadaye kwa maradhi mengine.

Ila usitoke hapo ukidhani kila mshipa uko sawa. Mahali palipoziba ndipo panaamua. Ateri kubwa za nyonga, stenti zinakaa vizuri, wengi miaka mitano bado ziko wazi. Ateri ya paja ni ndefu, inapindwa na kuminywa kila mtu akipiga hatua, inaziba tena mara nyingi zaidi, na nyuma ya goti kabisa madaktari wengi hawapendi kuacha stenti maana pale panakunjwa kutwa, chuma kinaweza kuvunjika. Chini ya goti mishipa ni milimita mbili tatu hivi, unaifungua leo na baada ya miezi michache mingi imesinyaa tena. Bimkubwa ana paja na chini ya goti vyote. Kwahiyo swali lako la kwanza kwa dokta wa pili: ukifungua paja tu, damu itapita wapi chini? Mwambie akuonyeshe kwenye picha kabisa ni mshipa gani anaulenga na kama huo mshipa unafika kwenye unyayo upande wa kile kidole. Paja likifunguka wakati chini hakuna njia, picha itakuwa nzuri na kidonda kitabaki palepale.

Kuhusu kreatinini, dawa ya rangi inaweza kuzisumbua figo, lakini sio sababu ya kuacha mguu ufe. Wanampa maji ya mshipani kabla, wanatumia dawa kidogo, sehemu nyingine wanatumia gesi ya kaboni dayoksaidi badala ya rangi kwa baadhi ya picha. Na kama anameza metformini, dawa ya kisukari, mwambieni dokta mapema, kwa mwenye figo dhaifu huwa inasimamishwa kwa muda.

MwanaTakwimu_Bham

Mkuu umeuliza swali zuri kuliko madaktari wengi wanavyouliza. Niko Birmingham huku Uingereza, nafanya takwimu za tafiti za hospitali, sio daktari. Hapahapa Birmingham ndipo zilipoongozwa tafiti za BASIL ambazo zimelinganisha puto na baipasi kwa wagonjwa wenye hali kama ya mama, kwahiyo haya mambo tunayaishi.

Mjomba wako na dokta wako wa puto wote wanaweza kutoa utafiti mkubwa unaowaunga mkono, na tafiti zote mbili ni nzuri. Ndio maana wote wana uhakika.

Wa kwanza unaitwa BEST-CLI, ulitoka mwishoni mwa 2022, wagonjwa 1,830, wengi wa Marekani. Waliwagawa makundi mawili kabla hata ya kuanza. Kundi kubwa ni wale ambao walipimwa kwa altrasaundi wakaonekana wana vena nzuri ya mguuni, ile ndefu ya safena, ya kutumia kama bomba la baipasi. Kwa hao baipasi ilishinda: waliopata baya, yaani kufa au kukatwa mguu juu ya kifundo au kurudishwa kwa matibabu makubwa ya mshipa, walikuwa 42.6% upande wa baipasi na 57.4% upande wa puto na stenti. Kundi la pili hawakuwa na vena nzuri, ingebidi kutumia bomba la plastiki au vena za kuungaunga, na kwao tofauti haikuwa ya kutegemea, 42.8% kwa 47.7%.

Wa pili BASIL-2, 2023, wagonjwa 345, Uingereza na Sweden na Denmark, hawa wote shida yao ilikuwa lazima ifike chini ya goti. Matokeo yakaja kinyume. Waliokatwa mguu au kufa ni 63% kwa walioanza na baipasi ya vena na 53% kwa walioanza na puto.

Watu wengi wakisoma hapa wanasema basi sayansi haijui kitu. Hapana, angalia walichohesabu. BEST-CLI walihesabu na kurudishwa kwenye matibabu, na sehemu kubwa ya ushindi wa baipasi ilitoka hapo, waliorudishwa kwa kazi kubwa walikuwa kama 9% dhidi ya 23%. BASIL-2 hawakuhesabu kurudishwa kwenye jibu kuu, walihesabu mguu na uhai, na tofauti yao ilitoka zaidi kwenye vifo, kukatwa mguu kulikuwa karibu sawa pande zote mbili. Na wagonjwa nao hawakuwa wa aina moja. Kwahiyo mtu akikwambia "utafiti umethibitisha" muulize ulithibitisha nini, mshipa kubaki wazi, kutorudi hospitali, mguu kubaki, au mtu kuishi. Ni vitu vinne tofauti na kimoja hakikuhakikishii kingine.

Na tazama tena hizo namba ndugu yangu, hata upande ulioshinda zaidi ya 40% walipata baya. Sikwambii kukutisha. Ugonjwa huu ukifika hatua ya kidonda na maumivu ya usiku ni ugonjwa wa mwili mzima, moyo na ubongo vinalishwa na mishipa ya aina hiyohiyo. Ndio maana yeyote anayekupa ahadi ya "mkamaliza kazi", iwe puto iwe baipasi, usimuamini haraka.

Kwa hiyo jambo la kufanya kabla ya uamuzi wowote ni altrasaundi ya vena za miguu yote miwili. Ni kipimo kisichouma na ni nafuu ukilinganisha na CT mliyoshafanya. Kama vena ya safena ni nzuri na nene ya kutosha na moyo wa mama unaweza kubeba upasuaji wa masaa kadhaa, basi hoja ya mjomba ina nguvu na mtafute daktari wa upasuaji wa mishipa aseme kama anaona mahali pa kuunganishia kule chini. Kama vena hakuna au moyo ni dhaifu, puto kwanza ndio njia ya busara. Usikubali mtu achague kabla hajajua hilo.

SisterWaVidonda

Mwanangu pole na majukumu. Nimesoma ya wenzangu ni kweli tupu ila wote wameongelea mshipa, mimi kazi yangu ni kidonda, kliniki ya kisukari, na naomba nikuulize kile kidole kinatoa usaha? Kinanuka? Wekundu umepanda kuelekea unyayoni? Mama ana homa au sukari imegoma kushuka ghafla? Maana kama jibu ni ndio kwa lolote, dokta wa kwanza aliyesema kukata asidharauliwe. Kuna maambukizi yanayopanda kwa masaa, yanaua mtu, na hapo kinachookolewa ni uhai. Lakini kama kidole ni cheusi kikavu na hakuna maambukizi yanayotembea, kukata chini ya goti kabla hajaonwa na mtu wa mishipa ni haraka mno. Tena ukikata mguu usio na damu hata hilo jeraha la kukatwa linaweza lisipone, unakuja kukata tena juu zaidi, nimehudumia wagonjwa hao na inaumiza sana.

Hapa kwetu Dar es Salaam kwa miaka mingi miguu ya kisukari ilikuwa inaharibika zaidi kwa sababu ya mishipa ya fahamu kufa, mtu hasikii msumari. Dk Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika sana juu ya hilo, na ule mpango wao wa Step by Step wa kufundisha wauguzi na madaktari kutunza miguu ulianzia kwetu huku. Lakini sasa na wa kuziba mishipa wanaongezeka, na wengi kama mama wana vyote viwili. Ndio maana msimpime kwa kumuuliza anaumwa au haumwi, unaweza kukuta kidonda kimefika mfupani na hasikii kitu.

Kuna jambo jingine muulizeni. Hiyo presha ya mguuni aliyopimwa ilisoma ngapi? Kipimo chenyewe ni presha ya kifundo cha mguu ukigawanya kwa ya mkono, wanakiita ABI, chini ya 0.9 kuna shida. Kwa wenye kisukari ateri zimekuwa ngumu kama fimbo, kile kitambaa cha presha hakiwezi kuziminya, kinakuja na namba nzuri ya uongo, hata juu ya 1.4. Mtu anaambiwa mguu una damu wakati unakufa. Cha kuaminika ni presha ya kidole gumba cha mguu, ikiwa chini ya 30 hapo kidonda hakiwezi kujiponea. Mwambieni apimwe kabla na apimwe baada ya puto, kwenye kidole kingine kama gumba kimeharibika. Hiyo ndiyo risiti yenu kwamba damu imefika kweli.

Na nyumbani: msimloweke mguu kwenye maji ya moto, msimkande na chupa ya moto eti mguu wa baridi, ataungua hasikii. Kidonda kikavu cheusi mkiache kikavu, msipake asali wala unga wa majani wala spiriti. Kisigino kisigandamize godoro, wekeni mto chini ya kigimbi kisigino kining'inie hewani.

Baba_Likoni

Niko Mombasa, nimepitia haya na mzee wangu kwahiyo nichangie kidogo.

Mzee alikuwa mvutaji, si sukari. Kidonda cha kisigino. Alifunguliwa ateri ya paja Nairobi, puto pamoja na stenti, na kwa kweli siku ya pili tu mguu ulikuwa na joto na yale maumivu ya usiku yalikatika, tukashukuru Mungu. Kidonda kikaanza kujifunga polepole kutoka pembeni, nyama nyekundu ikajaa. Kufika miezi ya mwisho wa mwaka huo mzee akaanza tena kuumwa kigimbi akienda msikitini, kurudi kupimwa stenti imeziba. Sisi tulikata tamaa tukaona pesa imeenda bahari. Daktari akatuuliza, kidonda kiko wapi? Kidonda kilikuwa kimeshapona kitambo. Akatuambia kidonda kinataka damu nyingi sana ili kifunge, ngozi ikishakuwa nzima inaridhika na kidogo. Mzee mpaka leo ana miguu yake miwili, anatembea mpaka feri akipumzika njiani, hatukumfungua tena, tulimuanzishia mazoezi ya kutembea, anatembea mpaka iume, anasimama, anaendelea, na sigara aliacha.

Kwa hivyo mtu akikwambia "itaziba tena" mwambie sawa, swali ni itakaa wazi muda wa kutosha kidonda kipone au la. Na pesa ya mara ya pili ipangwe mapema kabla ya ile ya kwanza. Sisi tuliambiwa gharama ya kufungua tu, hatukuambiwa za dawa za kila mwezi, vipimo vya dopla (altrasaundi ya kuangalia damu inavyopita) vya kufuatilia, wala kufungua upya. Andika zote kwenye karatasi moja ndipo ulinganishe na baipasi.

kijana_wa_Kibaha

Mkuu kama una uwezo mpeleke India tu, huku mnapoteza muda.

waya_na_puto

Kijana, India wanafanya vizuri sana sibishi, lakini mgonjwa mwenye kidole cheusi kupanga visa na tiketi inaweza kula wiki tatu. JKCI, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, cathlab ipo, Muhimbili pale wameshafundisha madaktari wetu wenyewe wa tiba hizi za kutumia picha, walianza kwa kushirikiana na wenzao wa chuo kikuu cha Yale, Marekani. Aanze na kilicho karibu, akishindikana ndio aende, akiwa na picha zake mkononi.

mtoto_wa_chamazi

Wakuu nimekosa hata neno la kusema, Mungu awalipe. Sister, hakinuki, hakina usaha, kikavu, sukari inacheza kwenye 11 hivi, homa hana. ABI nimeitazama kwenye cheti imeandikwa 1.3 na dokta wa kwanza alisema presha iko vizuri ila mishipa mibaya, sikuelewa, sasa ndio naelewa.

Swali moja la nyongeza. Dokta wa pili alisema kuna puto la kawaida na puto lenye dawa, lenye dawa bei inapanda sana, akasema linazuia kuziba tena. Nikatafuta mtandaoni usiku nikakuta habari kwamba linaongeza vifo. Usingizi uliisha hapohapo. Ukweli ni upi?

MwanaTakwimu_Bham

Nimeshukuru umeuliza kabla hujakataa au hujalipa.

Dawa inaitwa paklitakseli, asili yake ni dawa ya saratani, inapakwa kwenye puto au stenti ili nyama ya ndani ya mshipa isiote kama kovu. Kwenye paja inafanya kazi hiyo vizuri, mshipa unabaki wazi kwa muda mrefu kuliko puto tupu, hilo halina ubishi mkubwa. Desemba 2018 Katsanos na wenzake wa Ugiriki wakakusanya tafiti 28 wakakuta waliotibiwa na vifaa vya dawa hiyo walikufa zaidi, baada ya miaka miwili 7.2% dhidi ya 3.8%. Dunia ikatikisika, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ikatoa tahadhari 2019. Lakini tafiti nyingi kati ya zile zilikuwa ndogo, zilizopangwa kuangalia mshipa kubaki wazi, wagonjwa wengine walipotea njiani bila kujulikana wako hai au la. Waswidi walikuwa na utafiti wao SWEDEPAD, walipohesabu wagonjwa 2,289 mwaka 2020 hawakuona tofauti ya vifo. Taarifa zilipofuatiliwa kwa miaka zaidi na waliopotea wakatafutwa, FDA Julai 2023 ikasema ushahidi hauonyeshi kwamba vifaa hivyo vinaongeza vifo. Hiyo habari uliyoikuta usiku inawezekana ni ya 2019.

Ila usishangilie bado. Matokeo ya mwisho ya SWEDEPAD yalitoka 2025, na kwa wagonjwa kama mama, kuweka dawa hakukupunguza kukatwa miguu ukilinganisha na vifaa visivyo na dawa. Mshipa unakaa wazi zaidi, mguu haubaki zaidi. Umeona tena lile jambo la unachohesabu?

Maoni yangu, na haya ni yangu: kama familia ina pesa ya kubana, tofauti ya bei ya puto la dawa iwekeni kwenye kutunza kidonda, kiatu maalumu, dawa za kila siku na akiba ya kurudi cathlab. Kama bima inalipa na shida ni kipande kirefu cha paja, sio kosa kulitumia ili asirudi mapema. Kwa chini ya goti mimi nisingelipa ziada kwa puto la dawa. Kuna kifaa kipya cha chini ya goti kinachoyeyuka chenyewe, Esprit cha Abbott, FDA walikipitisha 2024 baada ya utafiti wa watu 261, matokeo ya mwaka mmoja yalikuwa mazuri kuliko puto, waliofika mwaka bila kukatwa mguu wala mshipa kuziba au kusinyaa tena walikuwa 74% kwa 44%, lakini faida ilikuwa zaidi kwenye mshipa kutosinyaa, waliokatwa miguu walikuwa wachache pande zote, na walichagua mishipa iliyoziba kipande kifupi. Sio ya kukopea pesa.

Dawa za baada ya kazi nazo mziulize. Aspirini na statini (dawa ya kushusha lehemu) ni lazima labda awe na sababu ya kutozitumia, na kuna utafiti mkubwa wa 2020, wagonjwa 6,564, ulioonyesha kuongeza rivaroksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya dozi ndogo, 2.5 mg mara mbili kwa siku, kunapunguza jumla ya mguu kuziba ghafla, kukatwa, shambulio la moyo, kiharusi na kifo cha moyo, kutoka 19.9% hadi 17.3% kwa miaka mitatu. Faida ipo ila ndogo, na inaongeza kutokwa damu, kwa mwenye kreatinini juu dokta aamue.

mtoto_wa_chamazi

Nimepata miadi Alhamisi asubuhi kwa daktari wa upasuaji wa mishipa, na yule wa puto kakubali waongee wote wawili siku hiyohiyo. Nimeandika: vena ipimwe altrasaundi, presha ya kidole kabla na baada, mshipa unaolengwa kufika upande wa gumba nionyeshwe kwenye picha, mpango kama waya ukigoma, gharama ya mara ya pili, dawa za baadaye. Nimesahau kitu?

SisterWaVidonda

Hujasahau ila ongeza nani atakuwa anamuona kidonda kila wiki baada ya hapo, na hicho kidole kitaondolewa lini. Kisikatwe kabla damu haijarudi, na kikiondolewa baadaye ni kidole tu, mama atatembea. Mwambieni asubuhi ya Alhamisi asinywe chai mpaka mpige simu kuuliza kama watafanya kazi siku hiyo, na insulini yake muulize dozi ya asubuhi hiyo, msikisie.

waya_na_puto

Na nendeni na CD ya CT yenyewe, sio karatasi ya ripoti peke yake. Nimeona watu wanarudia CT nzima na dawa ya rangi upya kwa sababu CD ilibaki hospitali ya kwanza, na kwa figo za bimkubwa hiyo sitaki kabisa itokee. Kaidai kesho, ni haki yenu.

mtoto_wa_chamazi

Kesho saa mbili asubuhi niko dirishani kwao.